Nali Ndani ya Matini: Ushughulikiaji wa Baiti Sifuri katika Mifuatano na Bafa za Lugha ya C, na Athari Zake kwa Kongoo za Kiswahili

Ikisiri

Katika lugha ya kuprogramu ya C, mwisho wa mfuatano wa herufi hutambuliwa kwa baiti yenye thamani sifuri, ambayo katika makala haya inaitwa nali. Baiti hiyohiyo inaweza kuwa sehemu halali ya data. Inapotokea katikati ya matini, programu nyingi huishia hapo bila kutoa onyo lolote, na kilichobaki hupotea. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo, yanaonyesha kwa mifano ya Kiswahili namna inavyoharibu data ya lugha na usalama wa mifumo, na yanatetea msimamo kwamba urefu wa matini lazima usafiri pamoja na matini yenyewe, na kwamba uamuzi kuhusu nali ufanywe mlangoni mwa mfumo, si katikati ya kazi.

Istilahi muhimu: nali, mfuatano wa herufi, bafa, usimbaji, kongoo

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia orodha ya marudio ya maneno iliyotokana na mradi mmoja wa kukusanya matini za Kiswahili. Kwa kuitazama tu, orodha ilikuwa safi. Viunganishi vilikuwa juu vinapostahili kuwa, na majina ya mahali yalikuwa yameandikwa vizuri. Kilichonishtua ni kitenzi oa, ambacho kilikuwa kimepanda mno. Si mbali nacho kulikuwa na ombe, ambo na ara, vipande ambavyo hakuna mzungumzaji angevikubali kuwa ni maneno kamili. Wakati huohuo, ng’oa, ng’ombe, ng’ambo na ng’ara havikuonekana hata mara moja. Mtu angedhani jamii iliyohojiwa haikufuga wala haikuwahi kuvuka maji.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba programu ya kugawanya maneno ilikata kila palipokuwa na ritifaa. Nilikosea. Mtu fulani, kabla ya hatua hiyo, alikuwa amefuta kutoka kwenye mafaili baiti zote zenye thamani sifuri, akiamini kwamba ni takataka. Alikuwa na sababu ya kufanya hivyo: bila kuzifuta, programu yake iliyoandikwa kwa C ilikuwa ikisoma herufi moja tu ya faili zima. Alilitibu tatizo kwa dawa iliyozaa tatizo jingine, lisiloonekana kwa urahisi. Ili kuelewa yote mawili, hatuna budi kurudi kwenye uamuzi uliofanywa katika maabara moja ya Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita.

2.0 Nali na majirani zake

Kompyuta haihifadhi herufi bali namba. Mpangilio wa ASCII, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, uliipa kila herufi, tarakimu na alama namba yake. Herufi A ni 65, na nafasi kati ya maneno ni 32. Namba 0 ilipewa alama isiyochapishika, nayo ndiyo nali. Enzi hizo data ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, na nali ilikuwa ni safu isiyo na tundu lolote la data. Mashine ilitarajiwa kuipita tu. Kwa asili, basi, nali ilikuwa kijazio, yaani kitu kinachoweza kuongezwa au kuondolewa bila kuubadili ujumbe.

Hapa mtaalamu wa istilahi hana budi kusimama kidogo. Neno sifuri, tulilolipokea kutoka Kiarabu ambako lilibeba maana ya utupu, halitoshi peke yake. Tarakimu 0 tunayoiandika kwenye namba ya simu ina msimbo 48, na haina uhusiano wowote na nali. Vilevile kuna kiashiria tupu, kitu kingine kabisa, kinachomwambia mwanaprogramu kwamba hakuna mahali popote panapooneshwa katika kumbukumbu. Mtu anaweza kushawishika kuiita nali herufi batili. Ningeshauri tusifanye hivyo, kwa sababu batili ni kisichokubalika kisheria au kikanuni, ilhali nali ni herufi halali ya ASCII na ya Yunikodi. Kosa la mwanzo la mhusika wa orodha niliyoitaja lilikuwa hilohilo: aliiona nali kuwa ni batili, akaifuta. Nimechagua umbo la kutohoa, nali, kwa kuwa halibebi maana ya pembeni inayoweza kupotosha.

3.0 Uamuzi wa C

Lugha ya BCPL, iliyobuniwa na Martin Richards miaka ya 1960, ilihifadhi idadi ya herufi mwanzoni mwa kila mfuatano. Ili kujua urefu, programu ilisoma namba hiyo ya kwanza tu. Ken Thompson, alipounda lugha ya B, aliiacha njia hiyo na kuweka alama maalumu mwishoni. Dennis Ritchie, aliyeitoa C katika B pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliendeleza utaratibu huo na kuifanya nali kuwa alama ya mwisho. Katika maelezo yake ya mwaka 1993 kuhusu historia ya C, Ritchie alitoa sababu mbili: idadi iliyowekwa katika biti 8 au 9 iliwekea mfuatano kikomo cha urefu, na uzoefu wao ulionesha kwamba kutunza idadi kulikuwa na usumbufu kuliko kutumia alama ya mwisho.

Sababu hizo zilikuwa na mantiki katika mashine zenye kumbukumbu finyu. Ila gharama yake ni kwamba alama moja ilipewa kazi mbili. Nali ni herufi, na papo hapo nali ni ukuta. Tazama mstari huu wa C:

char salamu[] = "Habari\0gani";

Alama \0 ni nali. Kompaila inatenga baiti 12: sita za Habari, moja ya nali iliyo katikati, nne za gani, na moja ya nali ya mwisho ambayo C huiongeza yenyewe. Lakini amri ya strlen, ambayo kazi yake ni kupima urefu, itajibu 6. Amri ya strcpy itanakili Habari peke yake. Amri ya strcmp, inayolinganisha mifuatano miwili, itasema kwamba salamu hii ni sawa kabisa na "Habari\0zenu", kwa kuwa haioni kitu baada ya nali. Wanaprogramu huziita amri za namna hii fankisheni, na zote ambazo majina yake huanza na str zina tabia hiyo. Neno gani bado limo ndani ya bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kushikilia data, lakini hakuna anayelifikia.

Kuna mtego mdogo katika uandishi wenyewe ambao umewahi kunipotezea mchana mzima. Anayetaka kuweka nali kati ya jina na tarakimu anaweza kuandika "Juma\0712". C haisomi hapo nali ikifuatwa na 712. Baada ya mkwaju huo, C huchukua hadi tarakimu tatu za hesabu ya msingi wa nane, hivyo husoma \071, ambayo ni namba 57, yaani tarakimu 9. Matokeo ni Juma92. Dawa ni kuutenganisha mfuatano: "Juma\0" "712", navyo vipande viwili vilivyokaa sambamba huunganishwa na kompaila.

4.0 Kiswahili katika UTF-16

Msomaji anaweza kuuliza: nani huandika nali katikati ya matini ya Kiswahili? Karibu hakuna anayekusudia. Njia kuu inayotuletea nali ni usimbaji wa UTF-16, ambao huiandika kila herufi ya kawaida kwa baiti mbili. Kwa miaka mingi programu ya Notepad ya Windows ilikuwa na chaguo la kuhifadhi lililoitwa Unicode, na maana yake halisi ilikuwa UTF-16. Mtafiti mwangalifu aliyetaka kulinda alama zake alichagua hilo, kwa nia njema kabisa.

Herufi za Kilatini zina namba ndogo, kwa hiyo baiti ya pili ya kila mojawapo ni sifuri. Maneno Safari njema, yenye herufi 12 pamoja na nafasi, huchukua baiti 24, na nusu yake ni nali. Kwa kawaida Notepad hutanguliza baiti mbili za utambulisho, FF na FE. Programu ya C inayosoma mwanzo wa faili hilo hukutana na FF, FE, S, kisha nali. Urefu unaoripotiwa ni 3. Herufi S ndiyo matini yote inayobaki.

Kinachofuata ni kibaya zaidi kwa sababu kina sura ya ukweli. Amri ya fgets, inayotumiwa mno kusoma faili mstari kwa mstari, husimama kila inapokutana na baiti 0A, alama ya mwisho wa mstari. Katika mpangilio huu alama hiyo imeandikwa 0A 00. Mstari unaofuata, basi, unaanza na ile 00 iliyobaki, na strlen inaupima kuwa na urefu wa sifuri. Kila mstari baada ya wa kwanza ni mtupu. Hata hivyo, idadi ya mistari ni sahihi, ilimradi mistari ni mifupi kuliko bafa. Msimamizi anayelinganisha mistari ya faili na mistari ya ripoti ataridhika.

Matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zina hali yake. Herufi hizo ziko katika safu ya 0600 ya Yunikodi, kwa hiyo baiti ya juu ni 06, si sifuri. Nali hutokea kwenye nafasi kati ya maneno na kwenye alama ya mwisho wa mstari. Faili likiwa limehifadhiwa kwa mpangilio unaotanguliza baiti ya juu, na likasomwa kwa fgets, programu hubakiza neno la kwanza la kila mstari na kutupa mengine. Kwa utenzi ulionakiliwa mshororo kwa mshororo, kinachopatikana kinaweza kudhaniwa kuwa faharasa ya maneno ya kufungulia. Hasara hii ni ngumu kugundua kuliko ile ya hati za Kilatini, kwani maneno yaliyobaki ni mazima na yanasomeka.

Sasa tunaweza kurudi kwa ng’ombe. Ukifuta nali zote kutoka kwenye faili la Kiswahili la UTF-16 lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, kinachobaki kinafanana na matini sahihi ya ASCII, kwa kuwa kila herufi imebaki na baiti yake moja. Njia hiyo ya mkato inafanya kazi karibu kila mahali, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Programu za kuandikia kama Microsoft Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ritifaa iliyopinda, yenye namba 2019 katika Yunikodi. Katika UTF-16 ritifaa hiyo huandikwa kwa baiti 19 na 20. Hakuna nali ndani yake, kwa hiyo zote mbili zinabaki. Baiti 19 ikisomwa peke yake ni alama ya udhibiti isiyoonekana. Baiti 20, kwa hesabu ya msingi wa 16, ni 32, yaani nafasi kati ya maneno. Ng’ombe anakatwa vipande viwili, ng na ombe. Ng’oa inakuwa ng na oa, na oa ni neno letu halali, hivyo hakuna kikagua tahajia kitakachopiga kelele. Sauti moja ya Kiswahili, ile king’ong’o cha kaakaa laini ambacho tahajia yetu imekikabidhi kwa ritifaa, inafutwa katika kongoo nzima. Kamusi itakayotegemea marudio hayo itaupotosha uzito wa maneno, na kielelezo cha lugha kitakachofunzwa kwa matini hiyo hakitajua kuandika kung’ara.

5.0 Nali kama silaha

Hadi hapa tumeona nali inayoingia kwa bahati mbaya. Inaweza pia kuingizwa makusudi, palipo na mifumo miwili inayosoma mfuatano mmoja kwa kanuni tofauti. Mwezi Julai 2009, katika mkutano wa Black Hat mjini Las Vegas, Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky, kila mmoja kwa utafiti wake, walionesha udhaifu wa namna hiyo katika vyeti vinavyothibitisha utambulisho wa tovuti. Ndani ya cheti, jina huhifadhiwa pamoja na urefu wake, kwa hiyo nali inaruhusiwa kukaa katikati. Tuchukue majina ya kubuni. Mtu mwenye umiliki halali wa mwizi.example anaomba cheti cha benki.example\0.mwizi.example. Mtoa vyeti anatazama mwisho wa jina, anathibitisha kwamba mwombaji ndiye mmiliki, na kutoa cheti. Kivinjari kilichotumia amri za C kinasoma jina lilelile, kinasimama kwenye nali, na kumhakikishia mteja kwamba yuko katika benki.example. Vivinjari vilirekebishwa, lakini somo la lugha lililomo hapo linanivutia mpaka leo: wasomaji wawili waliafikiana juu ya maandishi na kutofautiana juu ya mahali yanapoishia.

Lugha ya PHP ilikuwa na tatizo la jamii hiyohiyo katika majina ya mafaili. Mfumo uliokagua kwamba jina linaishia kwa .jpg ungeweza kupewa siri.php\0.jpg. Ukaguzi ulipita, kisha tabaka la chini lililoandikwa kwa C likafungua siri.php. Kuanzia toleo la 5.3.4 la mwaka 2010, PHP hukataa njia ya faili yenye nali.

6.0 Kuishughulikia

Kanuni ya msingi ni kutoiruhusu nali iwe chanzo pekee cha habari kuhusu urefu. Programu inapopokea baiti, ihifadhi idadi yake papo hapo na kuipitisha pamoja na kiashiria cha bafa kila inapokwenda. Kunakili kufanywe kwa memcpy badala ya strcpy, kulinganisha kwa memcmp, kutafuta kwa memchr, kuandika kwa fwrite. Zote hizi hupokea urefu na hazijali kama baiti ni sifuri. Amri ya printf isitumiwe kutoa data ya namna hii. Hata inapopewa kikomo cha urefu, bado husimama kwenye nali ya kwanza.

Katika kusoma, fread hurejesha idadi ya baiti zilizosomwa, na getline ya POSIX hufanya vivyo hivyo kwa mistari. Fgets hairejeshi idadi, na kwa hiyo haifai palipo na shaka. Mwenye programu ya zamani anaweza kupata kipimo rahisi: alinganishe jibu la getline na jibu la strlen kwa mstari uleule. Yakitofautiana, kuna nali ndani. Nashauri pia bafa itengwe kwa baiti moja zaidi na nali iwekwe mwishoni hata kama urefu unajulikana, ili amri ya kizamani ikiiingilia bafa hiyo isipitilize na kusoma kumbukumbu isiyo yake.

Strncpy inastahili onyo la pekee, kwa sababu jina lake linaahidi usalama. Ilikusudiwa majina ya mafaili ya Unix ya awali, yaliyokaa katika nafasi ya baiti 14: hujaza nafasi iliyobaki kwa nali, na jina likijaa kabisa haiweki nali ya mwisho. Mafaili ya kumbukumbu yenye safu za upana maalumu bado yana mtindo huo. Humo nali ni kijazio kama ilivyokuwa kwenye utepe wa karatasi, na kuikata mwishoni mwa safu ni sahihi.

Swali gumu zaidi ni la uamuzi: nali ikipatikana, ifanywe nini? Kwa majina ya watu, anwani na njia za mafaili, naona jibu ni kukataa na kusema wazi kwa nini. Kufuta kimyakimya ni hatari, hasa ukaguzi ukiwa umeshafanyika, kwa kuwa vipande viwili vilivyotenganishwa vitaungana na kuwa kitu ambacho hakuna aliyekikagua. Hifadhidata ya PostgreSQL hukataa nali katika safu za matini, na Python hukataa kufungua faili ambalo jina lake lina nali. Wapo wanaoudhiwa na ukali huo. Binafsi napendelea mfumo unaogoma kuliko unaonyamaza. Ukaguzi ufanyike baada ya kufumbua data, si kabla: katika JSON nali huandikwa \u0000, herufi sita zisizo na madhara, na hugeuka kuwa baiti sifuri baada ya kusomwa.

Kwa kongoo, jibu ni tofauti. Faili lenye nali nyingi kwa zamu ni UTF-16 mpaka ithibitike vinginevyo, na linapaswa kugeuzwa kuwa UTF-8 kwa zana ya ugeuzaji kama iconv, si kwa kufuta baiti. UTF-8, ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliibuni Septemba 1992, iliundwa kwa namna ambayo baiti sifuri haitokei ndani ya herufi nyingine yoyote isipokuwa nali yenyewe. Ritifaa iliyopinda huwa baiti tatu, E2 80 99, na ng’ombe anabaki mzima. Nali itakayoonekana baada ya ugeuzaji huo ni ya kuchunguzwa: huenda ni kijazio, huenda faili limeharibika.

7.0 Makabidhiano ya matini kati ya taasisi

Vyuo, mabaraza ya lugha na vyombo vya habari katika ukanda wetu hukabidhiana matini kwa barua fupi isemayo kwamba mafaili yameambatishwa. Kwa washauri wa sera, hapa ndipo pa kuanzia, na gharama yake ni ndogo. Barua hiyo itaje usimbaji wa kila faili na idadi ya baiti zake, na mpokeaji azihesabu kabla ya kutia sahihi. Mikataba ya ununuzi wa programu za kuchakata lugha nayo iwe na sharti kwamba mzabuni aendeshe faili moja la majaribio mbele ya mnunuzi.

Faili la namna hiyo halihitaji kuwa refu. Mstari wa kwanza uwe Habari na gani zikitenganishwa na nali. Wa pili uwe na ng’ombe kwa ritifaa iliyonyooka, wa tatu kwa ritifaa iliyopinda, na wa nne uwe sentensi ya maneno matatu kwa hati za Kiarabu. Litolewe mara tatu, kwa UTF-8 na kwa mipangilio yote miwili ya UTF-16. Programu iulizwe maneno mangapi yamo, na yaorodheshwe. Ikiwa kwenye orodha kuna ombe, au mstari wa nne umerudi na neno moja, mzabuni aombwe aende na faili hilo na kurudi siku nyingine.